Kupimwa Kabla ya Kuugua: Mwongozo Kamili kwa Wakaazi wa Lamu na Visiwa Vyake

Mtu aliyepatwa na kiharusi hupoteza seli za ubongo kila dakika inayopita bila matibabu, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu dalili zilipoanza, tena baada ya ubongo kupigwa picha ili kuhakikisha kwamba hakuna mshipa uliopasuka. Chukua hali ya mzee wa Siyu au wa Pate ambaye mdomo umempinda saa nane za usiku, maji yametoka, na chombo hakiwezi kupita hadi yajae tena. Hata akivushwa hadi Mokowe, upande wa bara, Mombasa ingali zaidi ya kilomita 300 kwa barabara. Sisi tunaoishi visiwani, kwa sababu ya hesabu hiyo, tunahitaji kupimwa mapema kuliko mtu ambaye hospitali kubwa iko nyuma ya nyumba yake. Presha iliyomwangusha mzee huyo haikuanza usiku ule. Kwa kawaida huwa imekaa mwilini miaka mingi bila kuuma popote, na ingeonekana kwa kipimo cha dakika chache katika zahanati ya kijijini kwake.

Mwongozo huu umepangwa kwa hatua, na msomaji anaweza kuzifuata kwa utaratibu huo huo. Vipimo vinavyotajwa ni vya mtu ambaye hajisikii mgonjwa. Aliye na maumivu, uvimbe, kutokwa na damu au kukonda kusikoelezeka asijihesabu kuwa anakwenda kuchunguzwa tu. Huyo ni mgonjwa na anahitaji kuonana na daktari haraka.

Hatua ya kwanza: Andika maradhi ya ukoo

Kabla ya kwenda kituo chochote, tafuta daftari la kawaida, lile la kurasa 48 linatosha, na uliandike jina lako juu yake. Katika ukurasa wa kwanza andika wazazi wako, babu na bibi wa pande zote mbili, ami na shangazi, wajomba na khaloo, kaka na dada. Mbele ya kila jina andika maradhi aliyokuwa nayo, umri aliougua, na ikiwa amefariki, umri aliofariki na sababu inayojulikana.

Kazi hii ni ngumu kuliko inavyoonekana, kwa sababu wazee wetu wengi hawakuandikiwa sababu ya kifo. Utaambiwa kwamba fulani "alianguka msikitini", au kwamba bibi "alipigwa na upepo, akalala upande mmoja miaka miwili", au kwamba mjomba "miguu ilimvimba, akawa hapumui vizuri akilala". Yaandike maneno hayo kama yalivyosemwa, bila kubishana na aliyeyasema. Daktari akiyasikia, atatambua katika kauli ya pili dalili za kiharusi na katika ya tatu dalili za moyo kushindwa kazi, na pengine za figo. Uliza pia kuhusu watoto waliofariki wadogo, kina mama waliofariki wakiwa wajawazito, na mtu yeyote aliyekatwa mguu. Kidonda kisichopona na kusababisha kukatwa mguu mara nyingi ni ishara ya sukari, hata kama neno hilo halikutajwa kamwe nyumbani.

Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua kisukari, presha, kiharusi, mshtuko wa moyo au saratani, hasa akiwa kijana, anapaswa kuanza kupimwa mapema kuliko wengine. Ukurasa huu mmoja utamsaidia daktari kuliko maelezo marefu yanayotolewa kwa haraka huku foleni ikisubiri mlangoni.

Hatua ya pili: Jua ni wapi pa kuanzia

Mahali pa kwanza ni karibu kuliko watu wengi wanavyodhani. Tangu Septemba 2023 serikali iliwapa wahamasishaji wa afya ya jamii mikoba yenye mashine ya presha, kifaa cha kupima sukari, mizani na kipimajoto, nao huzunguka nyumba kwa nyumba. Muulize balozi wa mtaa au muuguzi wa zahanati ni nani anayehudumia mtaa wako. Baada ya hapo kuna zahanati na vituo vya afya, kisha hospitali za Faza na Mpeketoni, na Hospitali ya King Fahd mjini Lamu. Vipimo ambavyo havipatikani kwetu hufanywa Malindi au Mombasa, na mtu hupaswa kwenda huko akiwa na barua ya rufaa.

Kuhusu gharama, Mamlaka ya Afya ya Jamii, inayojulikana kwa herufi SHA, ilichukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya, tarehe 1 Oktoba 2024. Usajili hufanywa kwa simu kupitia *147#, na unahitaji kitambulisho. Aliyesajiliwa anastahili huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya kwa gharama ya serikali, lakini huduma za kulazwa na za hospitali kubwa hutegemea michango. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Nawasihi wasomaji wajisajili wakiwa wazima, kwa kuwa nimeona familia zikihangaika na kitambulisho na namba za siri wakati mgonjwa amelala juu ya machela.

Wavuvi wana shida yao ya pekee, kwani wakati wa kaskazi wengi huwa baharini au katika makambi ya mbali kuelekea Kiunga, na wakirudi nchi kavu huwa wamerudi kulala na kuuza samaki. Kwao ningependekeza wapange kupimwa wakati wa kusi, bahari inapochafuka na vyombo vingi kuwa vimepandishwa pwani.

Hatua ya tatu: Pima presha, na ipimwe sawasawa

Kila mtu mzima anapaswa kupimwa presha angalau mara moja kwa mwaka. Kipimo hutoa namba mbili: ya juu, ambayo ni nguvu ya damu moyo unaposukuma, na ya chini, ambayo ni nguvu inayobaki moyo unapotulia. Kiasi cha 120 kwa 80 au pungufu kidogo ni kizuri. Inapofika 140 kwa 90 au zaidi, tena katika siku mbili tofauti, huhesabiwa kuwa ni presha ya juu. Yatosha namba moja tu kati ya hizo mbili kuwa juu. Mzee mwenye 165 kwa 80 ana presha, hata kama ya chini ni nzuri.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kipimo kibaya huwaharibu watu wa aina mbili: aliye mzima huanzishwa dawa asizozihitaji, na aliye mgonjwa hurudishwa nyumbani akiwa ametulizwa. Mara ngapi tumeona upimaji ukifanywa barazani, mtu ametoka tu kupanda kutoka gatini na mzigo begani, kikombe cha kahawa mkononi, mkoba wa mashine, yaani ule ukanda unaojazwa hewa, umefungwa juu ya mkono wa kanzu, na huku anajibu salamu za wapita njia? Kila kimoja kati ya hivyo huipandisha namba.

Upimaji sahihi huwa hivi. Kwa muda wa nusu saa kabla ya kupimwa, usinywe kahawa wala chai, usivute sigara, wala usile miraa au mogoka. Nenda haja ndogo kwanza, kwani kibofu kilichojaa hupandisha presha. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, uegemee, nyayo zote mbili zikae sakafuni, wala usipandishe mguu juu ya mguu. Tulia dakika 5 bila kuzungumza. Mkono uwe wazi, na ikiwa nguo ni ya kubana, itolewe mkono kabisa badala ya kukunjwa ikabana juu. Mkono uwekwe juu ya meza ili mkoba wa mashine uwe usawa wa moyo. Mtu mnene aombe mkoba mkubwa, kwani mdogo husoma namba iliyo juu kuliko ukweli. Pima mara mbili, ukipumzika dakika moja au mbili katikati, kisha andika namba zote mbili kwenye daftari, pamoja na tarehe na saa.

Wapo watu ambao presha yao hupanda wanapomwona mtu wa koti jeupe tu. Mwenye uwezo anunue mashine ya kufunga juu ya kiwiko (zile za kifundo cha mkono hukosea kwa urahisi), au familia kadhaa za mtaa mmoja zichangie mashine moja. Upime asubuhi na jioni kwa wiki nzima, uache hesabu za siku ya kwanza, na utafute wastani wa siku zilizobaki. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 au zaidi unahitaji kupelekwa kwa daktari. Ukisoma 180 kwa 120 huku una maumivu ya kifua, kichwa kikali, kiwi cha macho au kuishiwa pumzi, usingoje kesho.

Hatua ya nne: Sukari, figo na kiuno

Kipimo cha sukari kianze ifikapo miaka 40, na kianze mapema zaidi kwa mnene, kwa mwenye ndugu wa kisukari, na kwa mwanamke aliyewahi kupata sukari wakati wa ujauzito au kuzaa mtoto wa zaidi ya kilo 4. Kwa mtu ambaye hajala tangu usiku, yaani kwa muda wa saa 8 au zaidi, matokeo chini ya 6.1 (kwa kipimo cha mmol/L) ni mazuri, kuanzia 6.1 hadi 6.9 ni onyo, na 7.0 au zaidi huashiria kisukari, ingawa aliye bila dalili hupimwa tena siku nyingine kabla ya kuambiwa kwa yakini. Aliyepata onyo ndiye mwenye bahati kuliko wote, kwani kupunguza uzito kidogo na kutembea kila siku kunaweza kumzuia asivuke mpaka huo kwa miaka mingi.

Siku hiyo hiyo omba mkojo upimwe kama una protini, kwa kuwa figo huharibika kimya kimya na huwa hazilalamiki hadi zimekwisha sehemu kubwa. Pima pia kiuno kwa utepe wa fundi cherehani, katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga: kikizidi nusu ya urefu wako, mafuta ya tumboni yamezidi.

Aliye na kisukari na anakusudia kufunga Ramadhani aonane na daktari mwezi mmoja au miwili kabla, ili dawa zipangwe upya kwa futari na daku, na wengine wataambiwa kwamba hali yao haiwaruhusu kufunga. Kutoboa kidole kupima sukari hakufunguzi saumu, kama wanavyuoni wengi walivyoeleza. Ikishuka chini ya 3.9, au ikipanda kupita 16.6, fungua hata kama adhana ya magharibi imekaribia, kwani sharia yenyewe imempa ruhusa mgonjwa.

Hatua ya tano: Mlango wa kizazi na matiti

Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa karibu kila mara na virusi vya HPV, na kwa mwanamke mwenye kinga nzuri huchukua miaka 15 hadi 20 kutoka maambukizi hadi saratani. Katika muda wote huo kuna mabadiliko yanayoonekana na kutibika. Hii ndiyo sababu inayoniumiza ninaposikia mama wa miaka 45 amefika hospitali akitokwa na damu na maji yenye harufu, saratani ikiwa imeshaenea. Alikuwa na miaka mingi ya kuokolewa.

Shirika la Afya Duniani hushauri kila mwanamke aanze kuchunguzwa akifika miaka 30, na anayeishi na virusi vya Ukimwi aanze akiwa na miaka 25 na achunguzwe mara kwa mara zaidi. Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni kipimo cha virusi vyenyewe, ambapo pamba laini hupitishwa ukeni, na mwanamke anaweza kujichukulia mwenyewe nyuma ya pazia. Matokeo yakiwa safi, hurudia baada ya miaka 5 hadi 10. Ya pili ni ya siki. Muuguzi hutumia kifaa cha kufungulia uke, hupaka siki nyepesi juu ya mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, kisha huangalia kama pana sehemu iliyogeuka nyeupe. Ikiwa safi, hurudiwa baada ya miaka 3. Ikiwa ipo sehemu nyeupe inayofaa kutibiwa, mara nyingi huweza kugandishwa au kuunguzwa kwa joto siku hiyo hiyo, na mama akarudi nyumbani kwa miguu yake. Usiende ukiwa katika hedhi, na kwa siku moja au mbili kabla usikutane na mume wala kujisafisha ndani ya uke.

Kinachowazuia wengi ni kuona haya, wala si jambo la kudharauliwa. Unayo haki ya kuomba uhudumiwe na mwanamke, kufunikwa shuka, na kuandamana na dada au shoga yako. Pengine wa kufaa zaidi kuipeleka habari hii ni masomo, wale wanaowafunda wali kabla ya kuingia nyumbani, kwa kuwa wao tayari wanaaminiwa kwa mambo ya faragha na maneno yao hubaki masikioni mwa mwanamke maisha yake yote.

Kwa mabinti, Kenya ilianzisha chanjo ya HPV Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Aina mbili za virusi zinazolengwa hasa, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii. Chanjo hiyo hutolewa mapema kwa sababu hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya mwili kukutana na virusi, na haimzuii binti kuzaa. Aliyechanjwa bado anahitaji kuchunguzwa akifikia umri.

Kuhusu matiti, mwanamke azoee kuyajua yalivyo katika hali ya kawaida, ili atambue uvimbe mgumu, ngozi iliyovutika ndani, chuchu iliyogeuka au inayotoa damu. Muuguzi ayakague katika ziara ya kila mwaka, na kuanzia miaka 40 mwanamke azungumze na daktari kuhusu picha ya matiti. Uvimbe usioumiza usikupumbaze, kwani nyingi za saratani za matiti haziumi mwanzoni.

Hatua ya sita: Wanaume, na watafunaji wa tambuu

Mwanamume aliyefika miaka 50, au 45 akiwa na baba au ndugu aliyeugua, azungumze na daktari kuhusu kipimo cha damu cha tezi dume. Nasema azungumze, kwa sababu kipimo hicho hupanda pia kwa sababu zisizo za saratani, na ni vyema mtu ajue atafanya nini na matokeo kabla ya kuyapata. Kwa wote, wake kwa waume, kuanzia miaka 45 hadi 50 kipo kipimo cha kinyesi cha kutafuta damu isiyoonekana kwa macho, ambacho hugundua saratani ya utumbo mpana mapema.

Kinywa nacho kinahitaji kuangaliwa hapa kwetu kwa namna ya pekee. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilithibitisha kwamba popoo husababisha saratani, na kwamba tambuu ni hatari hata isipotiwa tumbaku. Ikitiwa tumbaku hatari huongezeka. Najua tambuu ni sehemu ya heshima ya mgeni na ya sherehe zetu, na sisemi haya kwa kubeza mila. Nasema kwamba anayeitafuna kila siku, na anayeweka ugoro chini ya mdomo, asimame penye mwanga wa jua na kioo, avute shavu kwa kidole, aangalie upande mmoja hadi mwingine, chini ya ulimi, na pale hasa anapoweka donge lake. Kidonda kisichopona kwa wiki mbili, doa jeupe au jekundu lisilofutika, au kinywa kinachozidi kuwa kigumu kufunguka hata vidole vitatu visiingie, ni sababu ya kumwona daktari wa meno wiki hiyo hiyo. Shirika hilo hilo lilieleza mwaka 2016 kwamba vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio, kwa hiyo chai iachwe ipoe kidogo.

Pima pia homa ya ini ya B mara moja maishani. Chanjo yake iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo watu wazima wengi hawakuipata. Aliye safi achanjwe.

Hatua ya saba: Sikoseli kabla ya nikahi

Pwani yetu ni miongoni mwa sehemu za Kenya ambako chembe ya urithi ya sikoseli, ugonjwa wa damu, ni ya kawaida, kwa kuwa mwenye chembe moja hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali, na malaria imekaa nasi karne nyingi. Mwenye chembe moja ni mzima na anaweza kuishi hadi uzee bila kujua. Wawili wenye chembe moja moja wakioana, kila mimba huwa na uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuzaliwa na ugonjwa wenyewe. Tunapooana binamu kwa binamu, uwezekano wa wote wawili kuibeba chembe ile ile huongezeka. Kipimo cha aina ya hemoglobini hufanywa mara moja tu, na wakati wake mzuri ni pale posa inapoletwa, kabla ya mahari kutajwa na kadi kuchapishwa, wakati ambapo familia mbili bado zinaweza kuzungumza bila aibu. Matokeo hayaharamishi ndoa. Huwawezesha wazazi kumpima mtoto anapozaliwa na kumwanzishia kinga na dawa kabla ugonjwa haujamshika kwa ukali mara ya kwanza.

Hatua ya nane: Baada ya matokeo

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kuliko katika kupimwa kwenyewe. Mtu hupimwa siku ya kambi ya matibabu, huambiwa presha ni 170, hupewa vidonge vya mwezi mmoja, huvimeza, hupimwa akaambiwa imekuwa 130, akafurahi na kuacha. Presha haikupona; ilikuwa imezuiliwa na vidonge. Dawa za presha kwa walio wengi ni za maisha, na namba nzuri ni dalili kwamba zinafanya kazi na ziendelee.

Kwa hiyo kabla hujatoka chumba cha daktari, hakikisha umeandika katika daftari jina la dawa, kiasi, saa ya kumeza, madhara ya kutazamia na tarehe ya kurudi. Kikohozi kikavu, miguu kuvimba au nguvu za kiume kupungua ni mambo yanayoweza kusababishwa na baadhi ya dawa, na tiba yake ni kumwambia daktari abadilishe, kwani zipo aina nyingi. Usiazime dawa ya jirani kwa sababu imemfaa. Nenda kuchukua nyingine zikiwa zimebaki za wiki moja, maana dawa huisha vituoni na bahari hufunga njia. Nahodha au mvuvi anayetoka kwa siku kadhaa achukue za siku zaidi ya anazokusudia kukaa, azifunge katika chupa kavu isiyoingia maji.

Wenye kutumia habbasoda, mlonge au kuumikwa wamwambie daktari bila kuficha. Tatizo huja pale vitu hivyo vinapochukua nafasi ya dawa, au dawa ya miti shamba inapoteremsha sukari ambayo vidonge tayari vimeiteremsha.

Mwenye kisukari ana miadi mitatu ya ziada kila mwaka: macho yaangaliwe hadi nyuma ya mboni, figo zipimwe, na nyayo zikaguliwe. Kila usiku ajitazame miguu mwenyewe, hasa anayetembea pekupeku mchangani, kwani ganzi humfanya mtu akanyage mwiba asiuhisi.

Hatua ya tisa: Jikoni na njiani

Anza na chumvi, kwa kuwa ndiyo inayofungamana zaidi na presha. Shirika la Afya Duniani hushauri isizidi gramu 5 kwa mtu kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na humo imo chumvi ya ng'onda, ya achari, ya krispi na ya viungo vya mchuzi vya pakiti. Njia ya kujua hali ya nyumba yako ni hii: jaza chumvi katika mtungi mmoja, usitumie nyingine, na uandike tarehe. Nyumba ya watu 6 wanaokula humo pekee isimalize nusu kilo chini ya siku 16 au 17. Ukiona imekwisha kwa siku 8, basi mnakula mara mbili ya kiasi, kabla hata ya kuhesabu ng'onda. Punguza polepole kwa muda wa wiki kadhaa ili ulimi uzoee, na ndimu, ukwaju, tangawizi, kitunguu thomu na pilipili vichukue nafasi yake. Ng'onda alowekwe, maji yamwagwe, arudiwe tena.

Sukari ihesabiwe katika vinywaji kwanza. Vikombe 3 vya chai vyenye vijiko 3 kila kimoja ni takriban gramu 36, na chupa ya soda ya mililita 300 ina gramu 30 hivi, ilhali kiasi bora kinachopendekezwa ni kama gramu 25 kwa siku nzima. Wala miraa na mogoka huongeza humo soda na peremende za kutolea uchungu, juu ya mmea ambao wenyewe huharakisha moyo, hupandisha presha na kuondoa usingizi. Aliye na presha aache kabisa.

Sioni haja ya mtu wa Lamu kula chakula cha kigeni ili awe mzima. Samaki wa kuchoma au wa mchuzi, mbaazi, kunde, pojo, mchicha, kisamvu, bamia na mkate wa mofa wa mtama ni vyakula bora. Kinachohitaji kubadilika ni kiasi na upishi: wali usizidi robo ya sahani, mboga zichukue nusu, tui zito libaki kwa siku maalumu na tui jepesi litumike siku nyingine, mahamri na viazi karai visiwe vya kila asubuhi, na mafuta yaliyokaangiwa yasirudiwe hadi yakawa meusi. Katika harusi, sinia ya biriani huliwa na watu wengi na hakuna anayeona kiasi chake. Jitengee upande wako kabla ya kuanza.

Kutembea kwa kasi inayokuwezesha kuzungumza lakini si kuimba, dakika 30 kwa siku 5 za wiki, ndicho kiwango cha chini. Vichochoro vyetu vilitulazimisha kutembea, lakini pikipiki zimeingia na mwendo wa Langoni hadi Shela sasa wengi huupanda. Baada ya alfajiri, maji yakiwa yametoka, njia ya pwani kwenda Shela ni tambarare na ina baridi. Kina mama wanaoona haya kutembea peke yao watoke watatu au wanne. Sigara na shisha ziachwe, na anayeshindwa aombe msaada kituoni, kwani uraibu wa nikotini una matibabu.

Hatua ya kumi: Mpango wa dharura

Hata anayefuata yote haya anaweza kupatwa. Katika ukurasa wa mwisho wa daftari andika namba za simu za manahodha wawili wenye boti za kasi walio karibu, ya kituo cha afya kilicho wazi usiku, na ya ndugu atakayeandamana nawe. Andika dawa unazotumia na zile zinazokudhuru. Weka kando nauli ya boti katika bahasha iliyobandikwa hapo hapo.

Wafundishe walio nyumbani, pamoja na watoto wakubwa, kutambua kiharusi: mwambie mtu acheke uone kama mdomo umepinda, ainue mikono yote miwili uone kama mmoja unaanguka, aseme sentensi uone kama maneno yanakwama. Likiwepo moja tu, andika saa lilipoanza, usimpe chakula, maji wala kidonge chochote, mlaze kwa ubavu ikiwa anatapika au hana fahamu, na umpigie nahodha kwanza kabla ya kuwapigia jamaa.